Kaya 194,000 zilitoka wapi?

Msomaji, kama umewahi kukaa kwenye semina yoyote inayohusu simu na maendeleo, namba hii unaijua. Huwa inakuja kwenye slaidi ya tatu au ya nne, imeandikwa kwa herufi kubwa, na mzungumzaji ananyamaza kidogo ili ikuingie: M-Pesa imezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini. Asilimia 2 ya kaya zote za nchi ile. Halafu slaidi inayofuata.

Na mimi niliitumia. Niliiweka kwenye aya ya kwanza ya andiko langu la utafiti, mwaka wa kwanza wa uzamili, tena kwa kujiamini kabisa. Msimamizi wangu aliizungushia kalamu nyekundu na pembeni akaandika neno moja tu: "Zilihesabiwaje?" Nilipokwenda ofisini kwake kuchukua andiko, akaniuliza tena kwa mdomo. Nikaanza kuzunguka zunguka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma ikisiri peke yake, yale maneno mia na kitu ya mwanzo, na makala yenyewe nilikuwa sijaifungua. Alisubiri nimalize, akasema, "Basi kasome, ukirudi uniambie."

Nilikwenda kusoma. Ilinichukua karibu wiki tatu, pamoja na viambatisho vyake na makala nyingine za waandishi hao hao. Unachokisoma sasa ni matokeo ya wiki hizo tatu. Nikuambie mapema kwamba sikuja kuibomoa makala. Kiukweli, ni nzuri kuliko wengi wanaoinukuu, mimi nikiwemo. Lakini ina mahali inapopwaya, na mahali penyewe ni pale pale ambapo ile namba inazaliwa.

Walifanya nini hasa

Makala iliandikwa na Tavneet Suri wa MIT na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ikatoka kwenye jarida la Science Desemba 2016. M-Pesa ilikuwa imezinduliwa na Safaricom Machi 2007, na wawili hawa walianza kuzitembelea kaya za Kenya mwaka 2008, wakarudi mara kadhaa, mara ya mwisho 2014. Swali lao ni jepesi kulitamka: je, huduma hii imebadilisha maisha ya watu?

Kulijibu ndiyo kazi. Mtu wa kawaida angesema chukua wanaotumia M-Pesa, chukua wasiotumia, linganisha. Haifai. Mwaka 2008 aliyekuwa na M-Pesa alikuwa tayari ana simu, pengine ana ndugu Nairobi wa kumtumia hela, pengine ana kazi. Ukilinganisha wenye friji na wasio na friji utakuta wenye friji wanakula nyama zaidi. Friji haijaleta nyama.

Sasa angalia walivyolikwepa shimo hilo, maana hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Hawakuuliza nani anatumia huduma. Waliuliza huduma ilimsogelea nani. Unajua mwenyewe kwamba hela ndani ya simu ni tarakimu tu mpaka upate wakala wa kukubadilishia. Wakala akiwa hatua chache kutoka mlangoni, M-Pesa ni kitu cha kila siku. Akiwa mbali, inabidi upange safari. Kati ya 2008 na 2010 mawakala waliota Kenya kama uyoga, ila hawakuota sawa: kuna maeneo yaliongeza mawakala wengi ndani ya kilomita moja, mengine wachache. Kaya haikuchagua. Kwa hiyo wakazilinganisha kaya ambazo ujirani wake ulipata mawakala wengi na zile ambazo ujirani wake ulipata wachache, kisha wakaangalia hali zao miaka kadhaa baadaye, mwaka 2014.

Matokeo: kaya zilizosogelewa zaidi na mawakala zilikuwa na matumizi makubwa zaidi kwa kila mtu, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake. Waliona pia wanawake wakihama kutoka kilimo kwenda biashara. Kwa makadirio yao ni wanawake 185,000. Halafu ukichukua ile tofauti iliyopatikana kwenye sampuli, ukaizidisha kwa ukubwa wa nchi, unafika kwenye kaya 194,000. Hebu igawe kwa asilimia 2 uone: inakupa kaya milioni 9.7, ambayo ndiyo nchi nzima.

Kwa hiyo jibu la swali la msimamizi wangu ni kwamba hazikuhesabiwa. Zilikadiriwa. Hakuna mtu mwenye daftari la majina ya hizo kaya, na hakuna popote unapoweza kugonga hodi ukaambiwa "ndiyo, sisi ni mojawapo." Hilo si tusi. Mambo mengi tunayoyajua kuhusu nchi zetu ni makadirio ya namna hiyo, kuanzia ukosefu wa ajira mpaka mavuno ya mahindi. Lakini makadirio huja na mkia: huenda ni zaidi, huenda ni pungufu, na inategemea haya na haya yawe kweli. Kwenye slaidi mkia unakatwa. Unabaki na 194,000, namba isiyo na hata sifuri za kutosha kukushtua kwamba ni ya kukadiria. Wangesema "karibu kaya laki mbili" ungeuliza kidogo. Namba kamili namna ile inaonekana kama imetoka kwenye sensa.

Kipande ninachokiamini

Kabla sijaanza kulalamika, kuna kitu sitaki ukipoteze. Miaka miwili kabla, 2014, Jack na Suri walichapisha makala nyingine kwenye American Economic Review. Huko waliangalia nini kinatokea kaya inapopigwa na janga: ugonjwa, kupoteza kazi, mavuno kuharibika. Kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa takribani asilimia 7. Kaya zinazotumia hazikuyumba. Sababu waliyoitoa ni kwamba watumiaji walitumiwa hela zaidi, na na watu wengi zaidi, kwa sababu gharama ya kutuma ilikuwa imeshuka.

Huhitaji kuwa mchumi kulikubali hili. Umewahi kuamshwa saa tano usiku kwamba bibi yuko hospitali na inatakiwa hela ya dawa. Umetuma elfu kumi, kaka yako katuma elfu ishirini, shangazi katuma alichokuwa nacho, na kabla ya saa sita dawa imenunuliwa. Zamani ungempa bahasha kondakta wa basi ukabaki unaomba Mungu ifike. Hapa data na maisha vinasema kitu kimoja, na njia ya kutoka sababu mpaka tokeo unaiona yote kwa macho.

Tatizo langu ni safari ya kutoka "kaya haikuyumba bibi alipougua" mpaka "kaya imetoka kwenye umaskini." Hizo ni habari mbili. Kutoyumba ni jambo moja. Kupanda ni jambo jingine.

Wakala hanyeshi kama mvua

Hoja yote ya 2016 inasimama juu ya wakala. Inabidi tukubali kwamba mahali walipoongezeka mawakala wengi na mahali walipoongezeka wachache hapakutofautiana kwa kitu kingine chochote cha maana. Sasa jiulize, ungekuwa wewe una mtaji wa kuweka kibanda, ungekiweka wapi? Kwenye stendi. Karibu na soko. Pale barabara ya lami inapopita au inapotarajiwa kupita. Wakala anatafuta wateja, na wateja wapo penye mzunguko wa hela. Barabara ikija inaleta mawakala, na barabara hiyo hiyo inaleta wanunuzi wa nyanya. Ukikuta mawakala na ustawi pamoja, nani kamleta mwenzake?

Waandishi waliliona hili, si watoto. Kwenye makala ya 2014 walichukua hata data za kabla ya M-Pesa kuzaliwa ili waone kama maeneo yaliyokuja kupata mawakala yalikuwa tayari na tabia tofauti, na jibu lao likawa hapana. Ni kipimo kizuri, na ni kipimo ambacho tasnifu nyingi huwa hazijisumbui nacho. Mimi nakikubali nusu. Data za zamani zinakuonyesha tofauti za zamani. Hazikuonyeshi kilichotokea wakati huo huo mawakala wanaota. Na Kenya ya 2008 haikuwa nchi iliyotulia: mwaka ulianza na machafuko ya baada ya uchaguzi, watu laki kadhaa wakahama makwao, biashara zikafungwa, kisha maeneo yakaanza kujiinua, mengine haraka, mengine polepole. Eneo linalojiinua linavutia wakala. Eneo linalojiinua pia linaongeza matumizi. Hakuna data ya 2007 kurudi nyuma inayoweza kutenganisha hayo mawili.

Hata hivyo, kwangu hilo si doa kubwa kuliko yote. Ningekuwa na nafasi ya kulalamikia jambo moja tu, lingekuwa hili linalofuata. Naomba uvumilie hesabu kidogo.

Hesabu ya magenge mawili

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna vijiji viwili jirani, Juu na Chini. Juu kumekuja mawakala, Chini hawajafika. Neema anaishi Juu. Kwa kuwa sasa anaweza kuweka akiba kwenye simu na kutumiwa mtaji na mdogo wake aliye mjini, anafungua genge: nyanya, vitunguu, dagaa. Anapata faida ya shilingi 1,000 kwa siku ambayo zamani hakuwa nayo. Safi kabisa. Lakini wateja wa Neema hawakushuka kutoka mbinguni. Baadhi yao walikuwa wakitembea mpaka Chini kununua kwa Asha. Sasa hawaendi tena. Asha, ambaye hana wakala wala habari za mawakala, anapoteza shilingi 400 kwa siku.

Mtafiti anakuja na hojaji yake. Juu: wamepanda 1,000. Chini: wameshuka 400. Tofauti kati ya kijiji chenye mawakala na kisicho nao ni 1,400. Anaandika: athari ya mawakala ni 1,400. Lakini ukijumlisha vijiji vyote viwili, nchi imepata 600 tu. Zile 400 zilitoka kwa Asha zikaenda kwa Neema, na njia yenyewe ya kulinganisha imezihesabu mara mbili: mara moja kama pato la Neema, mara ya pili kama ushahidi kwamba wasio na wakala wako nyuma. Ukiichukua 1,400 ukaizidisha kwa nchi nzima, namba inavimba.

Nitakuwa mwizi nikikuonyesha upande mmoja. Inaweza kwenda kinyume pia. Neema akipata, anaweza kumsaidia kaka yake anayeishi Chini. Kaka anapanda kidogo, tofauti kati ya vijiji inapungua, na hapo mtafiti anaona athari ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba 194,000 ni kubwa mno. Ninachokuambia ni kwamba kulinganisha jirani na jirani hakufai kuzaa jumla ya taifa ikiwa majirani wenyewe wanauziana, wanakopeshana na kunyang'anyana wateja. Na sisi ndivyo tunavyoishi. Kijiji ambacho watu wake hawagusani na kijiji cha pili, Afrika Mashariki hii, mimi sijakiona.

Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliandika majibu makali kwenye Review of African Political Economy, na suala hili la biashara ndogo kuuana zenyewe kwa zenyewe ni mojawapo ya waliyoyasimamia. Walisema makala ya Science inahesabu wanaofungua biashara na kuwasahau wanaofunga. Waliongeza madeni, na faida inayotoka nje ya nchi kwa wenye hisa. Niliposoma majibu yao mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani, nikasema basi, yameisha, namba imekufa.

Niliposoma mara ya pili nikapoa. Wanaonyesha vizuri kilichoachwa nje, lakini hawakipimi. Kusema "mmesahau wanaofunga biashara" hakukuambii wako wangapi. Na suala la faida kwenda nje, ambalo kisiasa ni zito na ningependa tulijadili siku nyingine, halijibu swali kama mama wa Kakamega anakula vizuri zaidi kuliko mwaka 2008. Anaweza akawa anakula vizuri zaidi na faida ikawa inakwenda London, vyote kwa pamoja. Huwa tunapenda sana makala inayompiga mkubwa. Tunaisoma kwa huruma ambayo mkubwa mwenyewe hatumpi. Nimejikamata nikifanya hivyo, na wenzangu darasani nimewaona.

"Hizi nyanya zimetoka wapi?"

Turudi kwa wale wanawake 185,000 waliotoka kilimo wakaingia biashara. Nilipokuwa nyumbani Morogoro likizoni, niliamua kujaribu maswali ya hojaji yangu kwa watu wachache sokoni. Si utafiti, ni mazoezi tu ya kuona kama swali linaeleweka. Nikamwendea mama mmoja muuza nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie za ngapi?"

Nikamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, nina maswali machache. Akakubali, ila akaniambia nisogee nisimzibie wateja. Nikauliza: kazi yako kuu ni ipi?

"Kwani wewe unaona nafanya nini hapa?"

Nikaandika: biashara. Nikauliza zamani alikuwa anafanya nini. Kilimo, akasema. Nikaandika: zamani kilimo. Nikafurahi kimoyomoyo, maana nilikuwa nimempata mmoja wa wale wanaohama kutoka kilimo kwenda biashara. Nikauliza, kwa hiyo kilimo uliacha lini?

Akacheka mpaka jirani yake akageuka. "Nani kaacha? Hizi nyanya zimetoka wapi?"

Nyanya ni zake. Masika yuko shamba na hapa mezani anakaa binti yake. Kiangazi yuko hapa na shamba anaangalia mdogo wake. Ningemkuta Aprili kule shamba ningeandika kazi kuu kilimo, na hiyo nayo ingekuwa kweli. Hojaji ina kisanduku kimoja cha "kazi kuu", na mtu analazimika kuingia humo akiwa amekunja miguu. Sisemi kwamba wale 185,000 wote ni kama mama huyu. Nasema sentensi ya "walitoka kilimo wakaingia biashara" inakuchorea mwanamke aliyeweka jembe chini akafunga mlango wa ghala, na picha hiyo haikutoka kwenye data. Tumeiongeza sisi tunaosoma. Huenda kilichobadilika kwa wengi ni kwamba mwaka wao uliongezewa kitu cha tatu cha kufanya. Hilo nalo ni maendeleo. Ila si hadithi ile ile.

Tarehe

Kuna kosa jingine ambalo si la waandishi kabisa, ni letu. Angalia tarehe. Ongezeko la mawakala linalopimwa ni la 2008 mpaka 2010. M-Pesa ya wakati ule ilikuwa kutuma, kupokea na kuhifadhi, basi. M-Shwari, ile ya kukopa kwenye simu, ilianza Novemba 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukirudia mkopo huo kila mwezi mwaka mzima, ada peke yake inafika asilimia 90. Fuliza ilikuja 2019. Na katikati hapo zikaja programu za mikopo moja baada ya nyingine, mpaka ikafika wakati watu wanaorodheshwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo kwa deni la shilingi mia kadhaa. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilibidi izuie kuorodhesha deni lolote chini ya shilingi 1,000.

Kwa hiyo mtu anaposimama mwaka huu kutuuzia mkopo wa kidijitali, akatumia namba ya 194,000 kama kibali, anatumia cheti cha mtu mwingine. Ni sawa na kusifia bia kwa utafiti uliofanywa juu ya maji, kwa sababu vyote vinauzwa kwenye chupa. Hapa kwetu tunaijua tofauti hiyo vizuri. Ndiyo maana tuna neno "kausha damu" kwa mikopo ya aina fulani, na sijawahi kusikia mtu akiliita hivyo jina la kutumiwa hela na shangazi. Makala yenyewe haikusema mikopo ya simu inaondoa umaskini. Tafuta humo, hutaiona.

"Lakini hii si intaneti"

Niliwasilisha haya kwenye semina yetu. Kozi yetu, kwa wasiojua, inahusu intaneti na jamii; vyuo vya nje vilianza masomo ya aina hii mapema kidogo, Oxford kwa mfano walianzisha taasisi yao ya intaneti mwaka 2001, na sisi tumechukua sehemu kubwa ya orodha ya vitabu kutoka huko. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja akanyoosha mkono akasema, kwa heshima zote, kwamba mada ni nzuri ila iko nje ya kozi. M-Pesa iliyopimwa pale haikutumia intaneti. Ilipita kwenye menyu ya laini ya simu. Na hata leo hapa Tanzania ukipiga *150*00# kwenye kitochi huna bando lolote na hela inakwenda.

Kitaalamu alikuwa sahihi, na nilikosa la kujibu pale pale. Nimelipata baadaye, kama ilivyo kawaida. Orodha yetu ya kusoma imejaa Facebook na Twitter: nani anamfuata nani, uvumi unasambaaje, maandamano yanapangwaje. Nafahamu kwa nini. Data hizo zilikuwa zinapatikana, na mtafiti huangalia palipo na taa. Lakini ukiuliza ni mtandao gani wa kidijitali ulioingia mpaka kwenye kibubu cha bibi yangu, ukabadilisha nani anamsaidia nani na kwa kasi gani, jibu halina intaneti ndani yake. Tukifuata jina la kozi kwa uaminifu kupita kiasi, tutahitimu tukijua kwa undani watu wa nchi nyingine wanavyogombana mtandaoni, na tusijue kitu kuhusu mfumo ambao nusu ya mtaa wetu inaishi juu yake.

Na kuna haraka. Julai 2021 serikali yetu iliweka tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwenye mabishano yale, vijiweni na kwenye magazeti, namba za Kenya zilikuwa zikirushwa na pande zote. Sasa Kenya ya makala ile ilikuwa na mtandao mmoja uliotawala karibu kila kitu. Sisi tuna M-Pesa, tuna Tigo Pesa ambayo sasa imebadilisha jina, tuna Airtel Money, tuna Halopesa, na tulianza kutumiana kati ya mtandao na mtandao mapema kuliko wao. Mawakala wetu wengi wanakaa na laini nne mezani. Kipimo cha "mawakala wangapi ndani ya kilomita moja" hakimaanishi kitu kile kile hapa. Hiyo namba haina pasipoti ya kuvukia Namanga.

Nilirudi kwa msimamizi wangu na aya mpya. Ile sentensi ya zamani ilikuwa na maneno kumi na mbili. Mpya ina mistari minne: inasema ni Kenya, inasema ni makadirio, inasema kilicholinganishwa ni ujirani uliopata mawakala wengi na uliopata wachache kati ya 2008 na 2010, inasema ni huduma ya kutuma na kuhifadhi kabla ya mikopo. Haivutii hata kidogo. Hakuna mtu atakayeiweka kwenye slaidi.

Aliisoma akiwa amesimama, akaipita bila kuigusa. Nikapumua. Kisha kalamu nyekundu ikashuka kwenye sentensi iliyofuata, pale nilipoandika kwamba vijana wengi wa Tanzania wanatumia huduma hizi. Akalizungushia neno "wengi", akanirudishia karatasi.